Udongo Jikoni

Mnunuzi wa Brunei alitaka makasha elfu mbili
ya keki zetu za nanasi, kwa sharti la mhuri mmoja.
Mhuri tu? nikasema. Nipe juma moja.
Huo ulikuwa mwezi wa tatu.
Sasa ni wa kumi na mbili, na Tainan imevaa masweta.

Mafuta ya nguruwe tuliyaacha zamani,
mwaka aliokufa baba, kwa sababu ya bei, si ya dini.
Siagi yatoka Nyuzilandi; ina karatasi yake.
Unga una karatasi. Hata sukari ina karatasi,
maana kumbe sukari huchujwa kwa makaa,
na makaa huweza kuwa ya mifupa,
na mfupa una mwenyewe.
Usiku niliota viungo vyangu vimepanga foleni,
kila kimoja kimeshika cheti cha kuzaliwa.

Bwana Ma alikuja kwa treni ya asubuhi,
mkaguzi mwembamba, chupa ya chai kwapani.
Hakugusa keki. Alifungua makabati.
Alinusa vanila, akasoma kibandiko hadi herufi za sisimizi.
"Kileo," akasema, kwa upole wa daktari wa meno.
Nikaandika: vanila, badilisha.
Kisha akaiona brashi.

Brashi ya baba, mpini wa mwanzi
mweusi kwa jasho la mikono,
miaka arobaini na minne ya kupaka kiini cha yai.
Akauliza ni manyoya ya nini. Sikujua.
Nani huiuliza brashi kabila lake?
Aling'oa unyoya mmoja, akauchoma kwa kiberiti.
Plastiki ingeyeyuka. Huu ulijikunja,
ukanuka kinyozi.
"Mnyama," akasema. "Na kwa ugumu huu, nguruwe."

Nikatazama meza, tanuri, trei mia na ishirini,
kila kilichowahi kupigwa busu na brashi ile.

Ndipo akamgeukia Tarmini,
mfungashaji wangu wa miaka tisa, mtu wa Indramayu,
akamuuliza, taratibu, keki hizi zina ladha gani.
Tarmini akakunja karatasi ya dhahabu. Akakunja nyingine.
"Sijui," akasema.

Sijui.
Kila mwaka mpya nilimpa kasha zima.
Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru,
nami nikajisifu moyoni kwa ukarimu.
Makasha tisa. Sikuuliza yalikwenda wapi.
(Kwa mwenye nyumba wake, ghorofa ya pili,
bibi mwenye kisukari. Nimeuliza jana.)

Osha mara saba, mara moja iwe kwa udongo.
Baba alituchapa kwa tope la viatu jikoni.
Jumapili nikachimba uani, penye vitunguu vya mke wangu,
nikachekecha, nikaloweka, nikabeba ndoo
hadi kwenye meza yake ya chuma,
mguu ukisita kizingitini
kama wa mtoto anayejua fimbo iko wapi.
Mimi nilisugua. Tarmini alihesabu.
Kwenye "nne" akanirudisha:
pembe ile hujaifikia.

Brashi sikuitupa. Haipo kiwandani, iko nyumbani,
karibu na picha ya baba, inavutishwa ubani pamoja naye.
Wasigombane.

Cheti kimefika leo. Karatasi nyepesi, ya miaka miwili,
jina la kiwanda limekosewa herufi moja.
Tarmini alichagua keki iliyovunjika pembe
(nzima ni za Brunei, alisema),
akaikata, akanipa kipande kikubwa.
Alitafuna muda mrefu, macho kwenye dari.
Nikangoja, mimi, mwana wa mwokaji, mjukuu wa mwokaji,
viganja vimelowa.

"Sukari," akasema hatimaye, "imezidi."

Nikatafuta kalamu.